Hewa Gani Hiyo Inayofungwa Kwenye Chuma?

“Mwanangu, mimi hiyo mipira sitiwi.”

Mipira ya oksijeni, alimaanisha. Mama mkubwa aliyasema hayo kwa vipande: neno, pumzi, neno, pumzi. Kisha akanionyesha kwa kidevu kitanda cha pili kutoka chake, kilichokwisha tandikwa shuka jipya. “Yule alitiwa jana magharibi. Alfajiri wamemtoa kafunikwa.”

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Huu ni mwaka wangu wa 14 nikihangaika na mashine za hospitali moja ya mkoa ambayo, kwa amani ya kila mtu, sitaitaja. Mitungi ya oksijeni niliyoifunga na kuifungua siwezi kuihesabu. Lakini usiku ule sikwenda wodini na boksi la spana. Nilikwenda kama mtoto wa mdogo wake, na chupa ya uji mkononi.

Walimleta kutoka Muheza siku ya tatu baada ya harusi ya mjukuu wake. Kilianza kikohozi, ikafuata homa, kisha pumzi ikaanza kumkimbia. Daktari aliyempokea alisikiliza kifua mbele na nyuma, akaandika nimonia, mapafu yote mawili, na dawa ya mshipa ikaanza. Nilisimama pembeni nikaliangalia ua la khanga aliyojifunika kifuani linavyopanda na kushuka, nikahesabu kwa saa ya simu. Mara 36 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Misuli ya shingo ilikuwa inajikaza kila akivuta hewa, na matundu ya pua yanapanuka. Mtu akifika hapo anafanya kazi ya kupakua magunia bandarini huku amekaa kitandani. Na misuli ya kupumua huchoka kama misuli mingine yoyote. Ikichoka haibishi hodi.

Sista akaleta kile kidude cha kubana kidoleni, cha kupimia oksijeni kwenye damu. Kikaonyesha vistari. Akabadilisha kidole, vistari. Shida ilikuwa harusi: vidole vya mama mkubwa vilikuwa vimepakwa piko mpaka kwenye kucha, nyeusi tititi. Kidude chenyewe hakina uchawi. Upande mmoja kina taa mbili, moja nyekundu na nyingine ambayo jicho la mtu haliioni. Upande wa pili kina kipokezi kinachopima mwanga uliofanikiwa kuvuka. Damu yenye oksijeni hunywa mwanga tofauti na damu iliyokwisha kuitoa, na kwa kuwa damu ya mishipa ya ateri hudunda, chombo hufuata kinachodunda na kupuuza ngozi na mfupa. Aliyebuni ujanja huo ni mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ujanja wenyewe unataka mwanga upite kwanza, na piko iliuzuia mlangoni. Nikakigeuza kidude kikae ubavuni mwa kidole, mwanga upite kwenye nyama badala ya kucha. Kikasitasita, kikaandika 83: damu imebeba oksijeni asilimia 83 tu ya uwezo wake.

Niseme jambo moja hapa kabla sijasahau, kwa sababu linanikera. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha namba za vidude hivi na damu iliyochotwa kwenye ateri. Miongoni mwa wagonjwa ambao kidude kilisema wako kati ya 92 na 96, weusi karibu 12 katika kila 100 walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa weupe walikuwa karibu 4. Ngozi yetu inakidanganya chombo kidogo, na kinadanganyika upande wa kututia moyo. Tangu nisome hilo, nikiona 93 wodini kwetu siishangilii mpaka nimtazame na mwenye kidole.

83 haikuhitaji mjadala wa rangi ya ngozi. Sista alishageuka kwenda kutafuta oksijeni, ndipo mama mkubwa akanishika mkono na kuniambia hayo ya mipira.

Mimi simcheki anayeogopa oksijeni. Nilipokuwa mdogo, habari ikifika kwamba fulani “kawekewa gesi”, wazee walikuwa wanaanza kuulizana nani atapeleka taarifa kwa watoto wake Dar. Na hesabu yao haikuwa ya kipumbavu. Waliowekewa kweli wengi hawakurudi. Mkunga anayeitwa mtoto akiwa amekwama siku ya pili, kila nyumba anayotoka inabaki na kilio, na jina lake litachafuka hata mikono yake iwe ya dhahabu. Oksijeni kwetu ndiye mkunga huyo. Inaitwa mwisho, halafu inalaumiwa ya kwanza. Na kuchelewa kwake mara nyingi kuna sababu ndogo ndogo ambazo mgonjwa hazioni. Kuziona ndiyo kazi ninayolipwa.

Usiku ule sababu ilikuwa spana.

Wodi ilikuwa na konsentreta mbili, zile mashine za magurudumu zinazovuta hewa ya chumbani na kuichuja. Moja ilikuwa inamhudumia mzee wa kona. Ya pili ilikuwa inapiga kelele tangu wiki iliyopita, maana ndani yake mna chembechembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, na zeolaiti haipendani na unyevu. Ukanda wetu wa pwani una unyevu wa kutosha kuozesha msumari. Nilikuwa nimeshaandika maombi ya vipuri mara tatu. Ikabaki mtungi. Mtungi ulikuwepo, tena kwenye kitoroli chake, karibu na mlango. Spana ya kufungulia ilikuwa imeazimwa na wodi ya wanaume, wodi ya wanaume walikuwa wamewapa watu wa upasuaji, na watu wa upasuaji walikuwa wameshafunga mlango. Nilikimbia mpaka karakana na kurudi. Dakika 11, nilizitazama. Katika dakika hizo hapakuwa na kosa la daktari wala la dawa. Palikuwa na kipande cha chuma kisicho mahali pake.

Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliopita kwenye hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Walikuta mgonjwa mmoja katika kila wanane yuko mahututi, wengi wao wakiwa kwenye wodi za kawaida, na kati ya walioishiwa pumzi ni karibu nusu tu waliokuwa wamewekewa oksijeni. Madaktari wa kwetu waliposoma hiyo nusu walianza kuzungumzia bajeti. Mimi niliwaza spana.

Nilipouvuta mtungi mpaka kitandani, mama mkubwa aliutazama ule urefu wake, rangi iliyobanduka, vali juu kama kichwa.

“Hewa gani hiyo inayofungwa kwenye chuma?”

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia hii hewa tunayovuta, sehemu 21 tu kati ya 100 ndiyo oksijeni. Karibu yote iliyobaki ni naitrojeni, inaingia na kutoka bila kumfaa mtu. Mapafu mazima yanatosheka na hizo 21. Mapafu yaliyojaa uchafu wa nimonia hayatosheki. “Sasa, Mama, nyuma ya jengo la kufulia tuna mtambo. Unafanya unachofanya wewe na kifumbu. Unamimina nazi iliyokunwa na maji, unakamua. Machicha yanabaki, tui linashuka. Machicha ndiyo naitrojeni. Humu ndani ni tui la kwanza, basi.”

Akaniangalia kwa muda. Mwanamke huyu amekamua nazi miaka 60.

“Limechujwa vizuri?”

“Karibu sehemu 93 kati ya 100.”

“Haya. Nitie.”

Kabla ya kufunga geji, vali hufunguliwa kidogo, nusu sekunde, ipulize vumbi lililokaa mdomoni. Inatoa mlio unaoshtua wodi nzima. Mikono lazima iwe mikavu na safi. Mafuta ya kujipaka, grisi, hata ya nazi, hayatakiwi popote karibu, kwa sababu mafuta yakikutana na oksijeni yenye presha huwaka bila kiberiti. Nikafunga, nikakaza, nikafungua taratibu. Mshale wa geji ukapanda ukasimama katikati. Nusu mtungi. Sista akamvalisha barakoa yenye mfuko, nikakipandisha kile kigololi kwenye kibomba cha kioo mpaka kwenye 10.

83. 85. 88. Baada ya dakika nne hivi, 92. Pumzi zikashuka kidogo, mpaka 30. Hakupona. Oksijeni haitibu nimonia hata kidogo. Vijidudu havina habari nayo. Kazi yake ni kumshikia mtu nafasi mpaka dawa ya mshipa ianze kufanya yake, na hiyo huchukua siku, si saa.

Kisha nikafanya hesabu ambayo ningetamani kila ndugu anayelinda mgonjwa aijue. Mtungi mkubwa ukijaa una kama lita 7,000. Nusu ni 3,500. Kwa lita 10 kila dakika, ni dakika 350, saa sita kasoro. Ilikuwa saa tatu usiku. Kwa hiyo kabla ya saa tisa usiku, mtu yeyote akiwa amelala, mtungi huu utakuwa umekufa kimya kimya. Haupigi king'ora. Kigololi kinashuka tu, polepole, kama mtu anayekaa. Nikaweka alamu ya simu saa nane, nikavuta kiti.

Kulinda geji ni kazi ya kuchosha na inampa mtu nafasi ya kuwaza. Niliwaza makreti ya mwaka 2020.

Mnakumbuka jinsi dunia nzima ilivyojifunza neno ventileta, mashine ya kumpumulia mgonjwa, mwaka ule wa korona. Kwetu zilikuja kwenye makreti mazuri yenye povu. Nilizifungua mwenyewe. Zilitaka oksijeni ya ukutani yenye presha isiyoyumba, na jengo letu halikuwa na bomba hata moja ukutani wakati ule. Tukazifunika kwa shuka. Baadaye ikaja mashine nyingine, ya kupeleka hewa moto yenye mvuke puani kwa kasi ya mpaka lita 60 kwa dakika. Ni kifaa kizuri kwelikweli. Kinamwondolea mgonjwa sehemu ya kazi ya kupumua bila kumwingizia mpira kooni. Lakini igawanye 7,000 kwa 60 mwenyewe. Ukiifungulia oksijeni tupu kwa kasi hiyo, mtungi unakwisha chini ya saa mbili. Mgonjwa mmoja kwa siku angemaliza mitungi ya wodi nzima. Ikaenda stoo, kwenye mfuko wake wa plastiki. Aliyetoa alikuwa na nia njema, na aliyepokea alipiga picha.

Hata ventileta ikipata kila inachotaka, siyo mkombozi wa kuwashwa na kuachwa. Wewe na mimi tunavuta hewa; kifua kinapanuka, hewa inaingia yenyewe. Ventileta inasukuma. Pafu lililovimba likisukumwa sana linachanika kwa ndani. Kwa miaka mingi waliwapa wagonjwa pumzi kubwa wakidhani wanawasaidia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 uliwagawa wagonjwa 861, wengine pumzi ya mililita 12 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kwa urefu wa mtu, wengine mililita 6. Waliopewa nusu walikufa asilimia 31. Waliopewa nyingi, karibu 40. Mashine ileile, kitufe kimezungushwa tu. Na mwaka 2013 Wafaransa wakaonyesha kwamba wagonjwa wa ventileta wenye hali mbaya kabisa, wakilazwa kifudifudi kwa saa 16 au zaidi kila siku, vifo vinashuka kutoka karibu 33 kati ya 100 mpaka 16. Kifudifudi! Haiuzwi hiyo, haina plagi. Ila inataka watu wanne, watano, wanaojua kumgeuza mtu bila kung'oa mpira, na hao ndio wasioletwa kwenye kreti.

Wodini kila mtu anaijua ambu, ule mfuko wa mpira wa kubinya kwa mkono. Wachache wanajua inatoka wapi. Agosti 1952 polio ilivamia Copenhagen, Denmark. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na pafu moja la chuma, lile kasha la kumlaza mgonjwa ndani limpumulie, na vifaa vichache vya kifuani vya kazi hiyohiyo, huku wagonjwa wakimiminika. Katika wiki tatu za mwanzo, kati ya wagonjwa 31 waliopooza kupumua na kutiwa kwenye mashine, 27 walikufa. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akapendekeza jambo lililozoeleka kwenye chumba cha upasuaji lakini si wodini: tundu kooni, mpira, na mfuko wa kubinya. Alianza na binti wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho. Binti akaishi. Lakini nani atabinya mfuko, usiku na mchana, kwa wiki nzima nzima? Waliitwa wanafunzi wa udaktari. Kama 1,500 walipokezana kwa zamu, kila mmoja kitandani kwa mgonjwa wake, akibinya na kuachia. Vifo vikashuka mpaka chini ya nusu. Chumba cha mahututi tunachokijua leo kilizaliwa hapo, kwenye viganja vya vijana waliochoka. Ambu yenyewe, inayojijaza hewa bila kuhitaji mtungi, ilitengenezwa Denmark hukohuko mwaka 1956 na Holger Hesse na daktari Henning Ruben.

Nina hadithi nyingine ninayoipenda zaidi, kwa sababu ni ya kifundi. Dhaka, Bangladesh, daktari wa watoto Mohammod Jobayer Chisti alichoka kuona watoto wa nimonia wakifa huku mashine za kuwasukumia hewa zikiwa ghali kupita kiasi. Akachukua chupa ya shampuu, akaijaza maji, akatumbukiza humo ncha ya mpira ambao mtoto anatolea pumzi. Maji yanamzuilia pumzi kidogo, mapovu yanatoka, na ile presha ndogo inayobaki inazuia vifuko vya mapafu visijikunje. Ukiutumbukiza mpira sentimita 5, presha ni sentimita 5 za maji. Kipimo hakiwezi kuharibika maana ni rula. Mwaka 2015 walichapisha matokeo: kwenye chupa walikufa watoto 4 kati ya 100, kwenye oksijeni ya kawaida 15.

Nilitaka kuishia hapo nilipokuwa nawahadithia wanafunzi wa mazoezi mwaka jana, nikawaza ningekuwa nawadanganya. Maana kifaa cha aina hiyohiyo, cha mapovu, kilijaribiwa Salima, Malawi, kwenye hospitali ya wilaya, wodi isiyo na daktari wa kudumu, kwa watoto zaidi ya 600 walio hatarini zaidi. Matokeo ya 2019: kwenye mapovu walikufa 17 kati ya 100, kwenye oksijeni ya kawaida 11. Maji ni yaleyale, fizikia ni ileile. Dhaka kulikuwa na madaktari na wauguzi wakiwazunguka wale watoto saa zote. Mtoto akivimba tumbo kwa hewa au akitapika, kuna anayeona. Mapovu hayaoni.

Saa nane kamili simu ikalia. Mshale wa geji ulikuwa umekaribia eneo jekundu. Mtungi wa pili nilishauleta, umejaa, lakini geji ilikuwa moja tu. Hapo hakuna njia nyingine: lazima ufunge, ufungue, uhamishe, ukaze.

Kazi hiyo nimeifanya usiku na mchana kwa miaka 14, mgongo wangu ukiwa umempa mgonjwa. Ndivyo mtungi unavyokaa, kichwani mwa kitanda, na macho yako yako kwenye nati. Nilikuwa najisifu kwamba namaliza ndani ya dakika moja. Usiku ule sista alikuwa na mgonjwa mwingine, kwa hiyo kidude kilikuwa kimebaki kidoleni kwa mama mkubwa na mimi nimekigeuzia uso wangu. 91. Nikafunga vali. Nati ikagoma kidogo. 88. Nikaiachanisha. 86. Nikapuliza mdomo wa mtungi mpya, akashtuka na ule mlio, akafumbua macho na kunitafuta. 82. Uzi wa nati haukukaa, nikauanza upya. 79. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, mdomo wazi ndani ya barakoa, mfuko umesinyaa kama puto la jana. Hakusema kitu, hakuwa na pumzi ya kusemea. Nikakaza, nikafungua, kigololi kikaruka.

Sekunde 50 hivi. Dakika moja haikufika. Sijajisifia tena.

Asubuhi yake niliandika maombi ya geji ya pili kwa kila wodi, nikaeleza kwa nini, na safari hii yalijibiwa. Spana nilinunua kwa hela yangu, nikaifunga kwa mnyororo kwenye kitoroli. Wiki iliyopita nimekuta mnyororo peke yake. Nimenunua nyingine.

Mama mkubwa alikaa kwenye barakoa siku mbili, kisha akahamishiwa mipira ya puani, lita 4, kisha 2. Siku ya sita alikuwa anabishana na wauguzi kuhusu chumvi kwenye chakula, nikajua tumevuka. Siku ya nane akarudi kwake.

Nilikwenda Muheza mwezi uliofuata. Nilimkuta barazani na majirani watatu, kifumbu mapajani, nazi imeshakunwa. Nikasalimia, wakaitikia marahaba, nikakaribishwa muhogo. Mmoja wa wale mama, macho yakiwa kwangu lakini maneno yakienda kwake, akasema wamesikia kule hospitali alitiwa oksijeni, na mbona kwa kudra za Mungu amerudi.

“Nani? Mimi?” Mama mkubwa akakamua, tui likashuka jeupe. “Mie oksijeni sikutiwa. Mwanangu huyu alinitia hewa iliyochujwa. Oksijeni alitiwa yule wa kitanda cha pili.”

Wote wakanigeukia mimi. Nikachukua kipande kingine cha muhogo.